Fromaji Yenye Matundu

Kwetu Goma, mtu akimaliza kutetea kazi yake ya mwisho chuoni, anamwagiwa poda. Si ile kidogo ya kupaka shingoni. Ni kopo zima, la watoto wachanga, linageuzwa juu ya kichwa chake mara tu jury, jopo la wasahihishaji, inapotangaza kwamba amepita. Mama yake, shangazi zake, majirani wa avenue, kila mmoja amekuja na kopo mkobani, na baada ya muda mfupi uwanja wa lava nyeusi ya volkano mbele ya chuo unakuwa mweupe. Mimi poda hunipigisha chafya. Miaka yote nimesimama kando na leso puani, nikinung'unika kwamba tunamwaga makopo mengi kuliko kazi wanazozipata hawa vijana. Wenzangu husema nina mdomo. Ni kweli ninao, na bado sijaona sababu ya kuufunga.

Ninafundisha usindikaji wa vyakula katika chuo kidogo cha mbao na mabati. Mimi ni mtu wa Butembo, na watu wa Goma hututania kwamba sisi hata sala tunaipigia hesabu ya faida. Labda ndiyo maana swali la "baadaye watafanya nini" limenisumbua kuliko wengine. Kozi ya maziwa niliirithi kwa mwalimu aliyenitangulia, naye aliirithi kwa mwingine: kurasa zilizopigwa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi zikaanza kukimbia. Namna ya kufundisha nayo ilirithiwa. Mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika. Akisema "koma" wanaweka koma, akisema "mstari mpya" vichwa vyote vinashuka pamoja. Siku ya mtihani yanarudi yaleyale, na koma zake.

Juu ya jalada la kozi hiyo kuna picha moja. Ni jibini ya Ulaya, ambayo sisi tunaiita fromaji, imekatwa kipande, na ndani yake kuna matundu ambayo kidole kinaweza kuingia. Kila anayeiona picha hiyo hutabasamu. Kwa watu wa chuo chetu, hiyo ndiyo fromaji yenyewe. Fromaji yetu ya Masisi, ile ya mviringo inayouzwa kando ya barabara, haitakiwi kuwa na matundu ya namna hiyo. Ukiikata, ndani ni laini, imeshikana, ina rangi ya siagi. Hayo niliyasema darasani na wanafunzi wakayaandika, lakini picha ilibaki palepale juu ya jalada, na nadhani picha hukaa kichwani kuliko maneno yangu.

Kisha kulikuwa na staji. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho lazima aende kujifunza kazini kwa muda fulani, ndivyo sheria inavyotaka. Vijana wangu walivaa koti na tai, wakazunguka katika ofisi za mashirika ya misaada kutafuta kiti. Mwenye bahati alipata meza ya pembeni, akatumwa chai, akatumwa fotokopi, na mwisho akapewa alama nzuri na muhuri. Muhuri ndio tulioutafuta wote. Chuo kiliutaka, mzazi aliuona akafurahi, na hakuna aliyeuliza kijana amegusa nini. Kisha vita viliingia mjini. Magari meupe ya mashirika yaliyokuwa yakijaa barabarani yalipungua, na ofisi nyingi zikafungwa. Siku moja niliwakuta wanafunzi wangu wawili mbele ya geti lililofungwa kwa mnyororo, wamevaa tai zao, wakibishana kama wasubiri au warudi nyumbani. Nilipita upande wa pili wa barabara ili wasinione.

Katika darasa hilo ndimo alimokuwa msichana mmoja wa milima ya Masisi. Alikaa mstari wa nyuma na aliandika kwa mwandiko mkubwa. Baba yake alikuwa mfugaji. Ng'ombe walipungua, wengine wakiuzwa kulipa chuo na wengine wakichukuliwa na wenye bunduki, na yeye mwenyewe hakujua ni kipi kilichomaliza wengi. Baba alibaki mlimani na ng'ombe wachache waliosalia. Mama na watoto wadogo waliteremka Mugunga, pembeni ya mji, wakaishi kambini, na kambi ilipovunjwa wakaingia katika chumba cha mbao hukohuko. Mama yake aliuza unga kando ya njia na alikuwa na wazo moja tu: huyu mkubwa amalize, apate kazi, awainue wengine. Hakuna mpango mwingine uliokuwepo katika nyumba ile.

Siku moja nilikuwa nikiwaandikisha juu ya joto la maziwa, akanyoosha mkono.

"Madame, pardon. Hii maziwa tunaandikaka kila siku, tutaishika siku gani?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilikasirika, na si kwa ajili ya kukatizwa. Nilikasirika kwa sababu swali lilikuwa langu. Nilikuwa nimelibeba kwa miaka kama kokoto ndani ya kiatu, na sasa mtoto wa mstari wa nyuma amelitoa na kuliweka mezani. Nilifunga kozi. Nikawaambia waende nyumbani, nami nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka kwa mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha fromaji kwenye njia ya Sake.

Mzee huyo alikuwa ametengeneza fromaji tangu ujana wake. Alinipokea amesimama mlangoni, mikono imelowa.

"Banafunzi benu, minabajua," alisema. "Banakuja na cravate, banauliza bureau iko wapi. Huku bureau hakuna. Huku kuna ndoo."

"Papa, niko na mumoja hatauliza bureau."

Alinitazama, akarudi ndani, na kutoka huko ndani akasema: "Aje. Lakini mimi sitoake cachet, ile muhuri yenu, ya bure. Akijua kutengeneza fromaji yeye peke yake, nitamupa kazi. Asipojua, arudie kwenu na Kifaransa yake."

Msichana akaenda. Mwanzoni alirudi darasani na mikono iliyobabuka kwa maji ya chumvi, na wenzake wakamcheka kwamba amekuwa mboyi wa kuosha ndoo. Alicheka nao. Baadaye nilianza kuona jinsi alivyosoma kozi kwa namna nyingine. Alikuja na ukurasa kuniuliza kwa nini maziwa hupozwa haraka, kwa nini bonge lililoganda hukatwa dogo na si kubwa, na aliniuliza kama mtu anayetaka jibu la kwenda kutumia kesho asubuhi. Sijawahi kufundisha vizuri kama katika miezi ile. Nilifurahi kazini, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau.

Ndipo nikaenda kwa mkurugenzi mkuu wetu, ambaye kila mtu humwita DG. Nikamwambia: huyu asiandike kitabu cha kunakili vitabu vya wengine. Atengeneze fromaji yake kuanzia maziwa mpaka kuiva, aje aikate mbele ya jury na aeleze alichofanya. DG si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yakae mahali pake.

"Hii ni chuo, Madame, haiko kiwanda," alisema. Kisha akafikiri. "Sawa. Lakini kazi ni fromaji. Ikitoka muzuri, anapita. Ikitoka mubaya, anarudi session ya pili. Usinililie hapa."

Nilikubali, na msichana akakubali. Kurudi session ya pili maana yake ni kungoja miezi mingi, pengine kupoteza mwaka mzima, na kwa mama yule wa Mugunga mwaka mmoja zaidi ulikuwa mlima. Mimi, msichana na DG, sote tulilijua hilo.

Wakati wa kutengeneza ulipofika, maziwa yakakatika. Mapigano yalirudi upande wa Masisi, njia zikafungwa, wachuuzi wa maziwa wakaacha kuteremka. Kiwandani ndoo zilikaa kavu zimepinduliwa. Tarehe ya kutetea ilikuwa imeshabandikwa ukutani, na fromaji inahitaji majuma ya kuiva, haingoji mtu. Msichana akamtumia baba yake habari. Baba akakamua wale ng'ombe wake wachache, akajaza bidoni, dumu la plastiki, akampa mwendesha moto mmoja aliyekubali kujaribu. Bidoni ile ilipita milima, ikafika kwenye kizuizi, na hapo ikawekwa chini juani tangu asubuhi mpaka jua likapoa, mwendesha moto akibembeleza apite.

Nilikuwa kiwandani ilipofika. Msichana alifungua kifuniko, akainamisha uso, akanusa. Mzee naye akanusa.

"Hii maziwa imechoka," mzee alisema.

"Hakuna ingine, papa."

"Hakuna. Fanya. Mimi siweke mukono."

Akafanya peke yake, sisi tukitazama. Akayachuja, akayapasha moto, akatia dawa ya kugandisha, akakata, akakamua, akajaza kwenye kalibu. Mikono yake haikusitasita. Ilitoka fromaji moja tu, ndogo, nzuri kwa macho. Tangu siku hiyo aliamka kila asubuhi kwenda kuigeuza juu ya ubao wake na kuipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Nilipomuuliza inaendeleaje, alijibu, "Iko, Madame." Sikuuliza zaidi. Nilidhani huo ndio upole wake wa kawaida.

Siku ya kutetea ilikuwa ya wengi, na ukumbi ulijaa watu waliovaa vizuri. Wenzake walipita mmoja mmoja na karatasi zao, wakasoma, wakapigiwa makofi, wakatoka kumwagiwa poda. Yeye aliingia na koti jeupe la kazini, kofia nyeupe, na ubao uliofunikwa kitambaa. Mama yake alikaa mstari wa pili, kitenge kipya, kopo la poda amelishika kwa mikono miwili juu ya magoti. Mzee wa kiwanda alikuja pia. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Alieleza kazi yake vizuri sana. Kisha akafunua kitambaa, akachukua kisu, akakata. Nilikuwa nimekaa pembeni ya meza ya jury, na kipande kilipofunguka niliona. Ndani kulikuwa na matundu. Matundu mengi, ya kila ukubwa, kutoka ukingo hadi ukingo.

DG aliinuka nusu kwenye kiti chake, uso umechangamka.

"Voilà!" alisema. "Muangalie! Ile ile ya kwenye kozi!" Mjumbe aliyekuwa kulia kwake alichukua simu akapiga picha. Mwingine akasema kwamba sasa tumefika Ulaya. Watu ukumbini wakaanza kupiga makofi, na mama yake, kwa kuwaona wengine, akapiga pia, kopo likiwa chini ya kwapa. DG alikata kipande kidogo, akakiinua kuelekea mdomoni. Kabla sijainuka kumzuia, msichana alisema:

"Papa DG, pardon, musikule."

Mkono wa DG ulisimama.

"Musikule, papa. Hii fromaji imeharibika."

Makofi yalikufa kidogokidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma. DG alitazama kipande mkononi mwake, akatazama kozi iliyokuwa mezani, ile yenye picha.

"Lakini iko na matundu muzuri. Si njo hii?"

"Ile ya kwenye picha banaitengenezaka kwa njia ingine, na banatakaka iwe na matundu. Ya kwetu haitakiwe. Ikikuwa na matundu hivi, ni kusema maziwa ilikuwa imeingiliwa na vijidudu, ikavimba ndani. Inaweza kuwauma tumbo."

"Basi kwa nini ulitengeneza na maziwa ya vile?"

Akaeleza. Hakumlaumu mtu wa moto, wala kizuizi, wala vita. Alisema maziwa yalikaa juani muda mrefu, kwamba alinusa akajua, kwamba hakuwa na mengine. Alisema siku chache baadaye aliona mgongo wa fromaji umeinuka kidogo, akawa anaomba Mungu iwe si kitu. Alisema mtu akikosa maziwa safi, vyombo safi na mikono safi havitoshi kuiponya. Na maziwa yale yalikuwa ya baba yake. Katika miaka yangu yote katika ukumbi ule sijasikia mwanafunzi akitetea kazi vizuri kuliko hivyo.

DG alirudisha kipande kwenye ubao.

"Sasa wewe mwenyewe unasema kazi imeshindikana?"

"Ndiyo, papa."

Tuliingia chumba cha pembeni kushauriana. Mimi, kama mwongozaji wake, ninasikilizwa lakini sipigi kura, nami nilisema mpaka koo likaniuma. Niliwaambia kwamba msichana huyu ndiye mtu wa kwanza tuliyemwandaa kweli kwa kazi. Niliwaambia kwamba kama angenyamaza, tungekula, tungempongeza, tungempa alama za juu kabisa, na jioni tungekuwa tumekimbilia chooni sote na diploma yake ingekuwa halali. Mjumbe mmoja alicheka, kisha akaona aibu.

DG alinisikiliza mpaka mwisho. "Madame, hapa hapa ulikubali. Ikitoka mubaya, anarudi. Nikimupitisha leo, kesho kila mutu ataniletea kazi ya kuharibika, aseme, mimi niko mukweli, munipitishe." Nilitaka kumchukia na sikuweza. Neno lake lilikuwa na maana, na mimi ndiye niliyelitia sahihi kwa mdomo wangu. Lakini niliumia, na hata leo bado ninaumia nikilikumbuka.

Wakarudi ukumbini, DG akasoma uamuzi kwa Kifaransa, haraka, kama asomavyo jambo asilolipenda. Msichana aliinamisha kichwa mara moja, akasema asante. Mama yake hakujua Kifaransa. Aliona watu wanasimama, akadhani ndiyo yenyewe, akatoka mbio mpaka uwanjani na kusimama pale kwenye lava iliyokwisha kuwa nyeupe, kifuniko cha kopo tayari mkononi.

Mzee wa kiwanda alikuwa wa kwanza kumfikia msichana mlangoni. Hakumpa mkono.

"Kesho asubuhi unakuja kazi," alisema. "Maziwa ikifika, tunatengeneza. Isipofika, tunaosha vyombo." Akavaa kofia yake, akaenda zake kutafuta moto ya kurudi.

Tulitoka. Mama akaja mbele yetu, akatutazama mmoja baada ya mwingine, furaha yake ikaanza kupungua.

"Madame, banasema nini? Mutoto amepita?"

"Bado, mama," msichana alijibu kabla yangu. "Ni session ya pili. Lakini papa wa fromaji amenipa kazi. Nianze kesho."

Mama alisimama akilipima hilo. Alitazama kopo, akatazama wale wengine waliokuwa wakicheza na nywele nyeupe, akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye chuo mbele ya macho yake.

"Sasa hii poda, Madame? Nimumwangie ao niifunge?"

Nyuma yetu DG alikuwa ametoka, amesimama kwenye ngazi. Nilijua anasikia. Nikasema, "Mumumwangie, mama."

"Mama, ngoja kwanza," msichana alisema.

Akarudi ndani. Akafunga fromaji iliyoharibika ndani ya karatasi ili mtu yeyote asiionje, akapangusa kisu, akaufunika ubao kwa kitambaa safi, akavipeleka vyote mpaka kwenye kona ya mbali ya ukuta, ambako upepo ulikuwa hauelekei. "Poda isiingie mu vyombo," alitueleza, kama vile tumemuuliza. Ndipo akarudi katikati ya uwanja, akavua kofia nyeupe, akainama mbele ya mama yake. Mama akageuza kopo lote, na mimi nilisimama karibu nao, bila leso.